Vidole Ndani ya Chokaa

Mwanamke mmoja, Mwanasiti, alikuwa na tanuri la kuchomea chokaa kilimani, chini kidogo ya magofu ya ngome ya kale. Hakuwa na kingine. Alizaliwa pale, akazika wazazi wake pale, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa chokaa kama vya mama yake.

Siku moja akaja Bwana Mbaraka, mjukuu wa watawala wa zamani, na hati mkononi. Akawakusanya watu barazani, akawaambia kwamba ngome aliijenga babu yake, jina lake limechongwa juu ya lango, na aliyejenga ngome ndiye mwenye kilima. Basi wahame wote kabla ya masika.

Watu wakainama. Ndiyo, wakainama! Tangu utotoni walizoea kusema, "Ngome hii aliijenga Sultani," na wakawafundisha watoto wao hivyo hivyo. Walijifunga kwa ulimi wao wenyewe. Jirani zake wakamwambia Mwanasiti, "Mwenye nguvu mpishe, dada," na huku wanakunja mikeka.

Mwanasiti hakukunja kitu. Akawaomba wazee wa baraza wapande naye ngomeni. Bwana Mbaraka naye akapanda, anacheka. Paa lilikwisha anguka zamani. Lango pia lilikuwa limeanguka, na lile jiwe lenye jina lilikuwa chini, mbuzi wamelilalia. Mwanasiti akalipita. Akaenda mpaka ukuta wa kaskazini, ambao lipu yake ilibanduliwa na mvua, akawaonyesha: katika chokaa, baina ya mawe, kulikuwa na mashimo matano matano ya vidole.

Waashi wa kwao, kila jioni wakiacha kazi, huzamisha vidole katika chokaa mbichi ili kesho wajue walipoishia. Wazee wale walizijua alama hizo, maana zimo hata katika kuta za nyumba zao. Wakatazama juu mpaka shingo zikawauma. Ukuta mzima ulikuwa mikono, na mingine midogo, ya wanawake waliotwanga chokaa.

Mwanasiti akamgeukia Bwana Mbaraka, akasema kwa sauti iliyosikika hadi bondeni:

"Babu yako alijengesha. Waliojenga ni hawa, na mimi ni wao. Sihami!"

Loo, bwana yule alipandwa na hasira! Akaamuru ukuta ubomolewe siku ile ile. Hakuna aliyenyanyua sululu. Mzee mmoja tu ndiye aliyeguna, akamwuliza, ukuta ukianguka, hiyo ngome ya babu yake itakuwa wapi. Hapo Bwana Mbaraka akageuka, maana ukuta ule ndio uliokuwa shahidi wake, na ndio uliomkana. Akateremka na hati yake. Watu wakakunjua mikeka, wengine kwa haya. Mwanasiti akarudi kuwasha tanuri, na masika yakamkuta pale pale.

Nanyi mnaonisikiliza, hodari wa kuinama: ukuta mliousimamisha kwa mikono yenu, mpaka lini mtasema umejengwa na aliyewaamuru?