Mtungi wa Ijumaa

Wametusimulia waliotutangulia, na ajuaye zaidi ni Mwenyezi Mungu, kwamba ukingoni mwa jangwa palikuwa na mji ukiitwa Wadi Sumra, ambao haukuwa na sultani. Kila mtaa ulimteua mtu wake wa kuingia barazani. Aliyemridhia mtu alimwendea uani mwa msikiti, mbele ya watu wote, akamwekea mkono begani. Mkono ule ulikuwa amana, na amana, ndugu yangu, ni mzigo ambao hata milima iliukataa.

Walikuwa na ada nyingine. Kila Ijumaa baada ya sala uliletwa mtungi wa maji ya kisima cha mji, na kila mjumbe akanywa hadharani kabla ya kukaa barazani. Maana yake ilikuwa wazi: wanachokunywa raia ndicho wanachokunywa wakubwa wao.

Kisha yakachimbwa mashimo ya kulowekea ngozi upande wa juu wa kisima, na wenye mashimo walikuwa jamaa za wajumbe. Maji yakawa machungu. Watoto wakaanza kuharisha, na makaburi madogo yakaongezeka. Watu walinong'ona, lakini kila Ijumaa waliwaona wajumbe wakinywa na kufuta ndevu zao, wakasema, "Basi si maji. Ni joto la mwaka huu."

Katika mtaa wa washona matandiko alikuwako mja mwema jina lake Wahbu, mpole, mwingi wa ibada. Mjumbe wa mtaa ule alipofariki, watu walimwekea Wahbu mikono begani hata akalia. Miongoni mwao alikuwa jirani yake Raihana, mjane msokota sufi, ambaye hakuwa na kitu duniani ila binti yake mdogo, Tamima.

Ijumaa ya kwanza Wahbu akapewa bakuli. Akanywa, na mara akajua. Maji yale yalikuwa matamu. Yalikuwa maji ya mvua, yaliyotekwa katika birika la Kudama, mkubwa wa baraza.

Akamfuata Kudama faraghani. "Bwana wangu, haya si maji ya kisima."

Kudama akatabasamu. "Watu wakituona tunakunywa, wanatulia. Mashimo tutayahamisha, inshallah, subiri kidogo tu. Nawe nimesikia mkeo ni mjamzito. Nitakuletea mtungi nyumbani kila asubuhi."

Akaletewa, naye akaupokea. Tusimcheke. Wangapi kati yetu wangeurudisha mtungi ule na mke mjamzito yuko ndani? Alijiambia kwamba anasubiri, na subira ni ibada. Lakini subira ya kuvumilia dhiki yako ni kitu kimoja, na subira ya kuvumilia dhiki ya mwenzako huku wewe umeshiba ni kitu kingine kabisa.

Hazikupita Ijumaa nyingi, Tamima akaugua, akafa. Wahbu alikwenda mazikoni, kisha akaenda kumpa pole mama yake. Raihana akamkaribisha kwa heshima.

"Mwenyezi Mungu akulipe kheri, jirani," akasema. "Umetufaa tangu tulipokuteua. Mimi nilikuwa nayaogopa maji yale. Nilikuwa nakwenda na ndoo hadi chemchemi ya bondeni, narudi miguu imevimba. Lakini nilikuona wewe ukinywa. Nikasema, Wahbu hawezi kutudanganya. Nikaacha kwenda bondeni."

Mimi kila nikifika hapa roho huniuma. Mama yule alikuwa akimshukuru.

Wahbu akakaa chini pale mlangoni, akamwambia yote, la birika na la mtungi wa kila asubuhi. Raihana hakupiga kelele. Akauliza, "Tulipokuwekea mikono, ulidhani tulitaka nini kwako? Hatukutaka utuondolee mauti. Tulitaka ukiona, utuambie."

Habari zikamfikia Kudama kwamba Wahbu amekusudia kusema. Akamwita. "Ukisema, mji utawaka moto. Sitiri aibu ya ndugu zako, nawe Mungu atakusitiri."

Wahbu akamjibu, "Aibu husitiriwa, bwana wangu. Sumu haisitiriwi."

Ijumaa ilipofika, alikwenda kisimani mwenyewe, akateka maji mbele ya watu, akaubeba mtungi kichwani hadi uani mwa msikiti. Akalijaza bakuli, akanywa hadi tone la mwisho, uso umekunjamana. Akawaambia watu alichokunywa Ijumaa zilizopita na kilichokuwa kikiletwa nyumbani kwake. Kisha akalijaza bakuli tena, akampelekea Kudama.

Kudama hakulipokea. Akampelekea wa pili, naye akageuza uso. Lilizunguka baraza zima likarudi limejaa vilevile, wala hapakuhitajika shahidi mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na siku ile waliumbuka wote.

Watu wakayafukia mashimo kwa mikono yao kabla jua halijatua. Baraza likavunjwa. Wengine walimpigia Wahbu kelele za laana, wengine wakataka kumteua tena, kwa kuwa amesema kweli. Wahbu akawapita hao na hao. Alimwendea Raihana, akaomba radhi mbele ya watu.

Raihana akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Lakini bega lako sitaligusa tena."

Wahbu akainamisha kichwa, akasema, "Umenena haki." Akarudi kwenye matandiko yake, na inasemekana kwamba hadi anaingia kaburini hakunywa tena maji matamu.

Nawe uliyewekewa mkono begani na watu wako, jua kwamba toba hufuta dhambi, na tunamwomba Mola atujaalie toba. Lakini Tamima hakurudi. Kweli iliyocheleweshwa ilimkuta ameshazikwa.