Aliyetufunga, Aje Kwetu

"Kibwana, futa hicho kicheko. Ndiyo, wanyama walikuwa na ligi. Ndiyo, walisajili. Wewe leo asubuhi umeniambia klabu yako imesajili mtu ambaye hujamwona hata akifunga kamba za viatu, na ukaapa kwamba atafunga kila Jumamosi. Hilo umeliamini. Ngiri kuwa kocha ndiko kunakokushinda? Asiyetaka kusikia aende akalale, na blanketi aliache hapa."

Hakuna mjukuu wangu hata mmoja aliyeondoka.

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Ugali wangu mmeumaliza, sauti mmeiacha kwenye sufuria? Paukwa!"

"Pakawa!"

"Haya. Sasa mnafanana na watu."

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshazeeka, palikuwa na timu ya wanyama ikiitwa Bondeni. Uwanja wake ulikuwa kando ya bwawa. Hawakucheza kwa kujifurahisha. Ilikuwa kazi yao, na mshahara wao ulikuwa nyasi za bwawa lile na maji yake. Ligi ilikuwa na sheria kali. Timu inayoshika mkia inashuka daraja, na uwanja wake na bwawa lake wanapewa wengine.

Kocha alikuwa Mama Ngiri. Shimo lake lilikuwa nyuma ya goli, na ndani ya shimo walikuwamo watoto wake. Timu ikishuka, yeye na watoto wanahama, tena wakati wa kiangazi, kwenda wasikokujua.

"Kwa hiyo alikuwa anaogopa," akasema Siwatu.

"Alikuwa anaogopa. Likumbuke hilo kabla hujamcheka."

Msimu uliopita Bondeni waliponea chupuchupu. Ligi ikaisha, dirisha la usajili likafunguliwa, na kelele zikaanza. Za nani? Za vyura. Vyura ndio waliokuwa mashabiki wa Bondeni. Wanakaa bwawani, maji shingoni, hawajawahi kugusa mpira tangu wazaliwe, lakini wanajua kila kitu. Walimkumbuka Twiga, aliyewafunga kwa kichwa. Wakavimbisha mashavu, wakaimba. Imbeni nanyi, msinitazame.

"Aliyetufunga, aje kwetu! Aliyetufunga, aje kwetu!"

Waliimba hivyo mpaka watoto wa ngiri wakashindwa kulala. Mama Ngiri akasema, "Haya, nimesikia." Akamsajili Twiga.

Lakini nafasi ni kumi na moja. Akiingia mmoja, anatoka mmoja. Akaachwa Nungunungu, beki wa nyuma. Vyura walimchoka. "Hakimbii, harukii mpira, amesimama tu kama kichaka!"

Sasa sikilizeni vizuri. Bondeni walikuwa na desturi yao. Mchezaji anayeachwa, kocha humwendea mwenyewe, hukaa naye chini, humuuliza, "Hapa kwetu ulikuwa unafanya kazi gani?" Akishajibu, hushukuriwa kwa kazi hiyo mbele ya wenzake, ndipo avue jezi. Mama Ngiri aliona haya. Alimjua Nungunungu tangu miiba yake ikiwa laini. Akamtuma ndege, Kwenzi, aende amwambie ameachwa.

"Ah, Bibi! Si vizuri," akasema Siwatu.

"Si vizuri. Wewe juzi ulipomvunjia Mwanaidi kikombe, ulikwenda mwenyewe au ulimtuma mdogo wako?"

Siwatu akajifunika blanketi.

Wakacheza mechi ya kirafiki na timu ya sungura. Twiga kasimama mbele ya goli, shingo juu, anangoja. Mpira unapita chini. Unapita katikati ya miguu yake. Yeye shingo juu. Na kule nyuma, pale alipokuwa akisimama Nungunungu, sungura wakapita kama wanaokwenda kisimani. Bondeni wakafungwa.

Mama Ngiri akamwuliza Twiga, "Baba, kule kwenu ulikuwa unafungaje?"

"Kwa kichwa, Kocha."

"Nimekuona. Mpira ulifikaje kichwani?"

"Mbuni alikuwa ananipigia krosi."

"Na Mbuni yuko wapi?"

"Yuko kule kule. Mlinitaka mimi."

"Usajili mbaya!" akapayuka Kibwana.

"Nani kakuuliza? Umeshaingia bwawani wewe, bado kuvimba mashavu tu. Kaa."

Vyura hawakutulia. Wakamkumbuka Swala, aliyewakimbiza mabeki mpaka ndimi nje. Imbeni.

"Aliyetufunga, aje kwetu! Aliyetufunga, aje kwetu!"

Mama Ngiri akatazama shimo lake, akatazama bwawa. Akamsajili Swala. Akaachwa Kanga, kwa sababu Kanga ana kelele. Mchezo mzima anabwata: kushoto, kulia, nyuma yako, acha, piga! Wenzake walikuwa wanaumwa masikio. Mama Ngiri akamtuma Kwenzi tena. Ukishatuma mara ya kwanza, ya pili haikuumi sana.

Wakacheza na timu ya nguchiro. Swala akakimbia! Aliwapita nguchiro, akaupita mpira, akalipita goli, akapotelea vichakani. Wakaenda kumtafuta.

"Mwanangu," akasema Mama Ngiri, "kule kwenu ulikuwa unajuaje pa kusimama?"

"Kulikuwa na Pundamilia, Kocha. Alikuwa ananiita. Hapa kwenu nani anaita?"

Wachezaji wote wakatazamana. Uwanja ulikuwa kimya. Ndipo walipogundua kwamba masikio hayawaumi tena, na hawakufurahi.

"Usajili..." akaanza Kibwana.

Nikamtazama. Akameza.

Siku ya mwisho ikafika. Jua likizama, dirisha linafungwa. Vyura wakamtaka Nyani, yule mpiga chenga aliyewafunga huku akijikuna. Na safari hii hawakuimba tu, walitukana. "Kocha gani huyu? Atatushusha daraja! Amlete Nyani, amtoe yule kipofu!"

Kipofu ni Fuko, kiungo wa kati. Mama Ngiri akamwita Kwenzi. Kwenzi akasema, "Kocha, mimi ni wa kuruka. Fuko anaishi chini ya ardhi. Hapo sipawezi, nenda mwenyewe."

Basi Mama Ngiri akainamisha kichwa kwenye tundu la Fuko. Hakuwa na pa kukimbilia. Akasema maneno ya desturi, "Mzee Fuko, hapa kwetu ulikuwa unafanya kazi gani?"

Fuko akacheka. "Umekuja kuniacha. Karibu, mama. Unajua kwamba sioni?"

"Najua."

"Sasa mpira nilikuwa naupigaje?"

Mama Ngiri akazidi kuinamisha kichwa tunduni. Misimu yote hiyo hakuwahi kuuliza.

"Kanga akibwata kushoto, napiga kushoto. Akibwata kulia, napiga kulia. Na nyuma yangu nilikuwa namnusa Nungunungu, basi sina wasiwasi, najua hapa hapiti mtu. Ndiyo kazi yangu hiyo, kumsikiliza mmoja na kumnusa mwingine. Sasa simsikii huyu, simnusi yule. Ukiniacha sikulaumu. Hata mimi ningekuwa kocha, ningejiacha."

Mama Ngiri akainua kichwa. Jua lilikuwa limekaa juu ya kilima. Mnamjua ngiri akikimbia? Mkia juu!

"Mkia juu!" wakasema wote.

Mkia juu, wima kama fimbo ya bendera, akapita bwawani. "Nyani yuko wapi?" wakauliza vyura. Hakuwajibu. Akakimbia mpaka Kilimani, akamkuta Nungunungu anajaribu jezi mpya ya timu ya huko, imeshatoboka kila mahali.

"Rudi nyumbani," akasema Mama Ngiri, anahema.

"Umechelewa. Nimeshakubali, na hawa walikuja wenyewe kunichukua." Nungunungu akaivuta jezi, ikachanika tena. "Ungekuja wewe siku ile, mama, hata kuachwa ningekubali. Nisalimie Fuko."

"Akamwacha hivyo hivyo?" akauliza Siwatu.

"Ungetaka amfunge kamba? Alimpoteza. Vingine ukishavipoteza vinabaki vimepotea. Nisogezeeni kuni."

Akakimbia tena. Akamkuta Kanga juu ya kichuguu, kimya. Kanga kukaa kimya, ujue huyo ameumia.

"Ulinitumia Kwenzi," akasema Kanga.

"Nilikutumia Kwenzi."

"Mimi! Sauti imenikauka kwa ajili yenu, unanitumia kindege!"

"Niliyaogopa macho yako. Nina watoto, nikawasikiliza vyura, nikakosea. Rudi."

"Kayaseme hayo bwawani, wao wakisikia."

Akayasema bwawani, jua likiwa limebaki ukucha. Mchezaji mmoja aliyezeeka akaomba kupumzika, akashukuriwa kwa kazi yake, nafasi yake akapewa Kanga badala ya Nyani, dirisha likafungwa. Hamtaamini matusi ya vyura. "Tumeahidiwa Nyani, tumeletewa kuku!"

Ligi ikaanza. Wakafungwa, wakashinda, wakafungwa. Ikafika mechi ya mwisho, na wanacheza na nani? Na Kilimani. Wakipata sare wanabaki. Wakifungwa, bwawa limekwenda.

Kilimani wakafunga la kwanza. Bondeni wakashambulia, na kila wakifika golini wanamkuta Nungunungu, kasimama tu kama kichaka. Nani apite hapo? Ajitoboe?

Mama Ngiri hakuweza kutazama. Akageuka, akawa anatazama shimo lake. Watoto wake walikuwa wamechungulia, vichwa tu.

Basi akasikia kwa masikio. Akamsikia Kanga: "Fuko, kulia!" Fuko akapiga kulia. "Swala, ngoja! Ngoja, nimesema! Sasa!" Swala akatoka, akaufikia mpira pale mwisho wa uwanja. "Usipite! Inua juu!" Swala akauinua, ukapaa juu ya miiba yote ya Nungunungu, ukafika mahali ambapo pana shingo moja tu katika ligi nzima. Twiga hata hakuruka. Aliinamisha kichwa kama anayesalimia.

"Goli!" Kibwana alisimama, nusura akanyage sufuria.

"Kaa. Bao moja kwa moja. Refa akapuliza filimbi, sare. Bwawa likabaki. Sasa Kibwana, niambie, usajili wa Twiga ulikuwa mbaya?"

"Ulikuwa... mzuri, Bibi."

"Mbona mwanzo ulisema mbaya?"

"Kwa sababu Kanga hakuwepo."

"Ahaa. Angalau umepitia shule."

Vyura waliruka, walikumbatiana. Halafu mmoja akavimbisha mashavu, akauliza, "Mmemwona yule beki wa Kilimani? Hapitiki! Anafaa sana!" Na bwawa zima likaanza:

"Aliyetuzuia, aje kwetu! Aliyetuzuia, aje kwetu!"

Mama Ngiri akawatazama. Angeweza kuwaambia alikuwa wetu, tena mlimfukuza ninyi. Lakini na yeye alikuwa na sehemu yake ya kosa, akayameza maneno. Akaenda shimoni kwake, akaingia kinyumenyume kama ngiri wote wanavyoingia, uso nje, anawatazama vyura mpaka alipozama.

Fundisho langu ni hili. Kumcheka anayesajili ni kazi rahisi, hata chura anaiweza; kwanza uliza anaogopa nini. Na ukitaka kumwacha mtu, nenda kwa miguu yako, umuulize alikuwa anafanya kazi gani. Hadithi yangu imefika mlangoni, na mimi nakwenda nayo, kuku hawajafungiwa.

"Lakini Bibi," akasema Kibwana, "kwenye dirisha dogo la katikati ya msimu si wangeweza kumrudisha Nungunungu? Wamtoe Swala..."

"Swala asitoke!" akalia Siwatu. "Atoke Fuko!"

"Fuko? Wewe una akili?"

Nikachukua tochi yangu, nikatoka, nikaufunga mlango.