Wimbo wa Ng'ombe wa Nashipae

Kiangazi kilipochacha, Bwana Temu, mwenye kambi ya mahema ya kifahari, alizungushia uzio chemchemi pekee ya bonde zima, wageni wake wasisikie harufu ya mifugo. Ng'ombe wa kijiji wakabaki mbavu nje. Juma halijaisha akampigia simu Mama Nashipae, kiongozi wa waimbaji wa Kimaasai.

"Wageni wamechoka kuona tembo, sasa wanataka utamaduni. Njooni jioni mwimbe pale chemchemini."

"Tutakuja, bosi. Ila nyimbo zetu tunawaimbia ng'ombe. Bila ng'ombe sauti haitoki."

"Basi leteni watatu."

"Watatu ni wa matanga, bosi. Wimbo wa furaha unataka zizi zima."

Temu aliguna, kisha akafungua lango.

Jioni ile wanawake waliimba saa nzima, shanga zikiruka mabegani, wageni wakipiga picha mpaka simu zikazima. Temu akamsogelea Nashipae akitabasamu.

"Wameupenda mno. Nimeshawaahidi wimbo huu kila jioni. Maneno yake yanasemaje?"

"Tunawaambia ng'ombe wasinywe kwa pupa," alisema Nashipae. "Kesho tunarudi."