Panga la Kidawa

Bwana Mbaruku, mwenye nyumba, aliitaka baraza ambayo Kidawa alikaangia kaimati.

"Tucheze karata," alisema, maana alikuwa hajawahi kufungwa. "Nikikufunga, uhame. Ukinifunga, ukae mpaka uzeeke."

Mchezo ulikuwa wa kujijengea fungu lako. Karata zote ziko wazi mezani, na kila zamu unaokota moja uitakayo: panga la kumpora mwenzio shamba, ngao ya kulizuia panga, au shamba lenyewe. Mwenye mashamba mengi ndiye mshindi.

Kidawa alianza. Akaokota panga, akalibusu.

"Hili lako, baba. Ukiokota shamba la kwanza tu, nalipora."

"Thubutu!" Mbaruku akaokota ngao.

"Moja tu? Haya." Kidawa akaokota shamba.

Mbaruku akaongeza ngao ya pili. Kidawa akaokota shamba jingine, akalichezea lile panga kidoleni, akaguna. Mbaruku akaongeza ya tatu.

Mashamba yalipokwisha mezani, Mbaruku alikuwa na ngao tisa na mashamba mawili. Kidawa alikuwa na mashamba kumi.

"Tapeli we! Panga lenyewe hukulitoa hata mara moja!"

"Nilitoe la nini, bwana," alisema Kidawa akigeuza kaimati, "na ngao zilikuwa zinakupiga vizuri tu?"