Njuga Masikioni mwa Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na kazi za kuajiriwa na jioni wakirudi nyumbani kuwasema wakubwa wao kama baba zenu wafanyavyo, kulikuwa na bwawa kubwa juu ya bonde, na msimamizi wa bwawa hilo alikuwa Tembo.

Tembo hakuwa mbaya. Hakumpiga mtu wala hakumtukana mtu. Kila asubuhi aliwakusanya wafanyakazi wake, akasimama mbele yao, akasema, “Mimi si mtu wa kuuma. Mwenye neno na aseme.”

Kimya.

“Basi hakuna tatizo,” Tembo husema, kisha huenda zake amefurahi. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba wafanyakazi wake wanampenda sana, maana hawana malalamiko hata siku moja.

Sasa mbona walinyamaza? Sababu ilikuwa masikio. Mtu akianza tu kusema, “Mkuu, kuna jambo...”, masikio ya Tembo hufunguka, fwaaa, huku na huku, mapana kama mikeka miwili. Kivuli humwangukia msemaji, na neno humkauka mdomoni. Tembo mwenyewe hakujua. Angejuaje? Wewe umewahi kuyaona masikio yako ukiwa umekasirika?

Mhanga, fundi wao wa kuchimba, aliwahi kwenda kumwambia kwamba mtaro umechimbwa kombo. Alipoyaona masikio aligeuza sentensi katikati ya njia, akasema mtaro umenyooka ajabu. Basi wakauchimba hivyo hivyo kombo miezi miwili. Ikavuma pia kwamba Nungunungu alifukuzwa kazi kwa kusema sana. Ukweli ni kwamba Nungunungu alikuwa ameenda kuoa, lakini nani alithubutu kuuliza?

Katika wafanyakazi hao alikuwemo Kindi, mdogo kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kukimbia juu ya ukuta wa bwawa asubuhi na jioni, kutafuta nyufa na kuziziba kwa nyasi na udongo. Nyumba yake ilikuwa bondeni, chini kabisa ya ukuta huo, pamoja na wanawe watatu ambao hawakuwa wamejua hata kupanda mti.

Siku moja Kindi alikanyaga majimaji chini ya ukuta. Akainama. Palikuwa na tundu dogo, upana wa kidole, na maji yaliyotoka humo yalikuwa mekundu kwa tope.

Maji meupe yakijipenyeza si hoja, kila ukuta hutoa jasho. Lakini maji ya tope yanabeba udongo, na huo udongo unatoka ndani ya ukuta wenyewe. Ukuta ulikuwa unaliwa.

Akaziba. Jioni akarudi, akakuta pamezibuka, na tundu limekuwa la vidole viwili. Kule milimani mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Dawa ilikuwa moja tu: kuondoa lile jiwe kubwa lililoziba mfereji wa pembeni, ili maji ya bwawa yapungue kabla mvua haijashuka. Na jiwe lile hakuna aliyeweza kulisogeza isipokuwa Tembo.

Kindi akawaambia Ngiri na Mhanga. Ngiri akasema, “Mimi nitakwenda. Mimi simwogopi.” Akaenda amesimamisha mkia juu. Akarudi mkia umelala.

“Umemwambia?”

“Nimemuuliza mama yake hajambo,” alisema Ngiri. “Hajambo kabisa.”

Kesho yake Kindi akaenda mwenyewe. Njia nzima aliyakariri maneno yake: Mkuu, ukuta unavuja, Mkuu, ukuta unavuja. Akafika, akafungua kinywa, akasema, “Mkuu, uku...” Fwaaa! Jua likapotea. Sauti ambayo hata yeye hakuitambua ikatoka kinywani mwake: “Umependeza leo, Mkuu.”

Tembo alishukuru sana.

Kindi alirudi nyumbani amejaa aibu. Angeweza kuwabeba wanawe mmoja mmoja akahama nao, lakini bondeni mlikuwa na nyumba arobaini, na kina mama waliokuwa wakitwanga na kuanika wala hawana habari. Aliwatazama wanawe wakicheza kwenye vumbi, akasikia kama vile maji yamekwisha kumfika shingoni. Akajiambia kwamba yule mkubwa anasikia kila kitu isipokuwa masikio yake mwenyewe. Hapo ndipo akakumbuka njuga.

Zilikuwa njuga za harusi ya dada yake, zile kengele ndogo ndogo za kufunga miguuni wachezaji. Akazitungia kamba ya katani, akazisugua kwa mchanga mpaka zikameremeta, akampelekea Tembo.

“Mkuu,” alisema, safari hii kwa sauti ya kubembeleza, “huko nchi za mbali wasimamizi wakubwa wote huvaa hizi masikioni. Ni alama ya heshima. Nimeona si vizuri wewe ukose.”

Tembo alizitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. “Wakubwa wote?”

“Wote. Wadogo hawaruhusiwi.”

Tembo akapiga magoti. Masikio yake yalikuwa na matundu ya zamani yaliyotobolewa na miiba, basi Kindi akapanda, akapitisha kamba, akafunga huku na huku. Masikio yalipolala shingoni, njuga nazo zililala. Hazikusema kitu.

Asubuhi ya siku ya tatu tangu kuonekana lile tundu, wafanyakazi walikusanyika. Mawingu ya milimani yalikuwa meusi, na mara moja moja ngurumo ilisikika kwa mbali. Tundu sasa liliingia mkono mzima. Kindi alimwomba Ngiri ajaribu tena, aseme maneno mawili tu.

“Mimi si mtu wa kuuma,” alisema Tembo. “Mwenye neno na aseme.”

Ngiri akakohoa. “Mkuu, kuna...”

Chwaa-chwaa-chwaa!

Tembo akageuka. “Nani anacheza ngoma watu wakizungumza?”

Mhanga alijitazama miguuni, asije akawa ni yeye.

“Endelea, Ngiri.”

“Mkuu, kuna ukuta...”

Chwaa-chwaa-chwaa!

“Nimesema acheni kelele!” alinguruma Tembo, na njuga zikalia zaidi, chwaa-chwaa-chwaa-chwaa, mpaka ndege wakaruka mitini. Wafanyakazi wakarudi nyuma. Kindi alitaka kukimbia. Akijua ni mimi, alifikiri, nimekwisha, na wanangu wamekwisha. Lakini akakita kucha zake ardhini, akabaki.

Tembo akasimama kimya. Njuga zikanyamaza. Akawaza kidogo, na kuwaza kwake kulikuwa kwa polepole kama kutembea kwake.

“Ngiri,” alisema, “sema tena lile neno. Taratibu.”

“Mkuu... kuna...”

Masikio yakaanza kuinuka. Chwa. Safari hii Tembo aliyahisi. Akayasimamisha nusu njia, akayashusha, njuga zikafuata. Akajaribu kuyainua. Chwa. Akayashusha.

“Ni mimi,” alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ambayo hawakuwahi kuisikia. “Huwa nafanya hivi kila siku?”

Ngurumo ikapiga tena, karibu zaidi, na Kindi akaona kwamba asiposema sasa hatakuja kusema.

“Kila siku, Mkuu. Tukifungua kinywa tu unatufunika. Tunaogopa, tunasahau, tunakusifu, tunaondoka. Na leo tuna neno zito.”

Chwaa-chwaa! Tembo alijaribu kuyazuia masikio kwa mkonga, lakini mkonga ni mmoja na masikio ni mawili. Akahangaika, kisha akasema, “Ngiri, njoo ushike hili. Mhanga, wewe shika lile. Vuteni. Kindi, sema upesi.”

Basi, wanangu, siku hiyo msimamizi wa bwawa alisikiliza taarifa huku wafanyakazi wawili wakining’inia masikioni mwake. Kindi alimweleza tundu, maji ya tope, jiwe la mfereji na nyumba arobaini za bondeni. Hakuacha kitu.

“Tangu lini?”

“Leo siku ya tatu.”

“Siku tatu! Na mimi mlikuwa mnaniambia nimependeza?”

Masikio yakafyatuka, Ngiri na Mhanga wakapaa hewani. Kindi akafumba macho. Lakini njuga zilikuwa zikimlilia Tembo masikioni, naye akazisikia, akavuta pumzi ndefu, akawateremsha wenzake taratibu mpaka miguu yao ikagusa ardhi.

“Twendeni,” alisema.

Walikimbia. Tembo akaweka kichwa kwenye lile jiwe, akasukuma mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu jiwe likang’oka, gududu, na maji yakamwagika mferejini kuelekea porini. Wengine wakabeba udongo na magogo wakijaza tundu. Bwawa lilikuwa limeshuka nusu mvua ilipowafikia. Ilinyesha kwa hasira mchana kutwa, na Kindi alikaa chini ya ukuta ameweka kiganja pale palipozibwa. Maji ya tope hayakutoka tena.

Jioni, matone yakiwa bado yanadondoka, Tembo alikuja kusimama karibu naye.

“Kindi, hao wakubwa wa nchi za mbali, ulisema wote wanavaa hizi?”

Kindi akasema, “Hakuna nchi hiyo, Mkuu. Ni njuga za harusi ya dada yangu. Nilikudanganya.”

Chwa. Kindi akajikunyata, akasubiri. Akasikia tu maji yakitiririka mferejini.

“Hizi zinataka kamba imara zaidi,” alisema Tembo. “Hii ya katani itakatika upesi, na bado nazihitaji.”

Tangu siku hiyo, mtu akianza kusema na njuga zikalia, Tembo husema, “Ningoje kidogo,” akatulia mpaka zinyamaze, ndipo akasema, “Haya, nakusikiliza.” Mtaro wa kombo nao ukanyooshwa. Aliyekwenda kumwambia ni Mhanga mwenyewe, na alimaliza sentensi yake.

Basi jueni, wanangu: mkubwa asiyejijua anavyokuwa anapoambiwa jambo, huambiwa yale tu anayopenda kuyasikia. Hadithi yangu imelala na njuga zake zimelala, nanyi nendeni mkalale.