Kichwa cha Jogoo wa Kasheku

"Uliyemfunga macho usimwite shahidi." Mmeisikia leo kwenye kikao cha harusi, mkacheka na waliocheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Kaeni basi. Imetoka kwenye banda la kuku la Kasheku, kule Nzega, na aliyeisababisha hakuwa na hamu ya kumchekesha mtu.

Kasheku alikuwa mtu wa mazingaombwe. Alizunguka mashuleni na jogoo mweupe. Anamkata kichwa mbele ya watoto, anakiinua kichwa wote wakione, anafunika kitambaa chekundu, anapuliza, na jogoo huyo anasimama mzima, anawika. Walimu walipiga makofi kuliko wanafunzi.

Siri yake nitawapa bure, maana wenyewe wamekwisha kufa. Majogoo walikuwa wawili waliofanana. Asubuhi mmoja alichinjwa bandani, kichwa kikafichwa ndani ya mkono wa joho. Wa pili alikuwa amefundishwa tangu kifaranga kuingiza kichwa chini ya bawa na kutulia. Basi. Mzoga wa yule wa kwanza ulitupwa korongoni, mbali, usije ukaonekana.

Kuku hao aliwafuga mkewe, Milembe. Lakini kila Kasheku alipokwenda bandani kujiandaa, alimketisha mkewe akiuelekea ukuta, akamfunga khanga usoni. Mdomo wa mwanamke, alisema, ni chekecheke. Na jogoo akipungua, jibu la Kasheku lilikuwa moja: kaliwa na kicheche. Miaka kumi na miwili Milembe alitega mitego ya kicheche, akanuniana na jirani mwenye kichaka alichodhani kinawaficha, na watoto wakala ugali kwa mlenda.

Ndipo akazuka Shigela, aliyekuwa mpiga ngoma wa Kasheku. Alikuwa amechungulia kwenye ufa wa banda, akaenda kuufanya mchezo uleule katika shule zilezile. Kasheku akadai mchezo huo babu yake alioteshwa. Shigela akadai babu yake yeye aliutoa pwani, kwa baharia wa Kihindi. Afisa utamaduni waliyempelekea ugomvi huo, mpenda vitabu, akawaambia amesoma kwamba hata mafarao walionyeshwa ndege wa namna hiyo, kwa hiyo wawaache babu zao walale. Kibali cha kuingia mashuleni kilikuwa kimoja. Angepewa aliyetangulia kuufanya hapo Nzega, mwenye shahidi. Kasheku hakujua kazi nyingine duniani. Bila kibali hicho alikuwa amekwisha.

Shigela na mkewe waliingia chumba cha pembeni na afisa. Mke yule alieleza kila kitu, akionyesha kwa mikono namna bawa linavyofunika kichwa, kwa kuwa walifanya mazoezi pamoja. Mwaka tu ndio aliodanganya. Afisa akatoka anacheka.

Kasheku alikataa kuonyesha. Siri ikionyeshwa, alisema, imekufa. Akatunisha kifua, akamwita mkewe.

"Mama Shija, mwambie mkubwa. Tangu nikuoe, nafanya nini na jogoo?"

"Sijui, Baba Shija."

"Hujui vipi, na tunalala nyumba moja?"

"Nilichokiona miaka yote ni khanga. Mkubwa akitaka niishuhudie khanga, nitaishuhudia mpaka maua yake."

Watu wakaangua kicheko. Afisa hakucheka. Alimuuliza kwa upole kama hakuwahi kupotelewa na majogoo.

"Nimepotelewa, mkubwa. Wengi. Wanaliwa na..."

Hakumaliza. Alimgeukia mumewe, akamtazama kwa muda mrefu. Kasheku alikuwa anatazama viatu vya afisa.

Kibali alipewa mwizi. Msinitazame hivyo, sikuwa mimi afisa.

Jioni ile Milembe alimchinja jogoo aliyebaki, akawapikia watoto, wakatafuna mpaka mifupa. Kasheku aliletewa sahani yake, imefunikwa khanga ileile. Akafunua. Palikuwa na kichwa cha jogoo, basi.

"Haya, Baba Shija," Milembe alimwambia. "Kiunganishe."

Kasheku alikaa na sahani ile magotini mpaka nzi wakaja. Hakufanya mazingaombwe tena, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Watu wa Nzega walitosheka na maneno machache, wakawaachia na watoto wao: uliyemfunga macho usimwite shahidi.