Mpira wa Mwaka Jana

Ndugu zangu, somo mmelisikia, na nawaona wengine mmeshafungua madaftari tayari kuandika. Fungeni kwanza. Leo nataka mkae vizuri niwapeleke Morogoro, uwanjani, kwenye tenisi. Msicheke! Mnadhani tenisi ni ya matajiri peke yao? Hawa ninaowasimulia walikuwa wastaafu na watumishi wa kawaida tu, watu wa vitambi na magoti mabovu, wanaocheza jioni ili presha ishuke.

Palikuwa na fundi mmoja wa reli, mstaafu, mkazi wa Morogoro. Na palikuwa na bwana mifugo mmoja wa Iringa. Kila mwezi wa nane klabu ya Morogoro na klabu ya Iringa zilishindania kombe, mwaka huu kwa hawa, mwaka unaofuata kwa wale. Kombe lenyewe dogo, limebanduka rangi, mkono wake mmoja umeshikizwa kwa waya. Lakini utani wake, ndugu zangu! Watu wa Iringa wakishuka kwenye basi, wenyeji wanawauliza kama wameshaoga tangu mwaka jana au baridi bado inawazuia. Wa Iringa nao wanajibu, "Morogoro mji kasoro bahari, na sasa kasoro kombe!" Wanacheka, wanakumbatiana, wanaulizana habari za wajukuu. Fundi na Bwana Mifugo ndio waliokuwa vinara wa utani huo. Walikuwa marafiki wa miaka kumi na moja, na kila mwaka walipangwa kucheza wao kwa wao, mchezo wa mwisho kabisa.

Sasa shikeni jambo moja, maana bila hilo mfano wangu hamtauelewa. Michezo ya watu kama hawa haina mwamuzi. Kila mchezaji ni mwamuzi wa upande wake. Mpira ukianguka kwangu, mimi ndiye ninayesema uko ndani ya mstari au uko nje, na wewe uliye ng'ambo ya wavu unakubali. Ukigusa mstari ni ndani; nikiwa na shaka, nakupa wewe pointi. Basi, hakuna zaidi. Mchezo mzima unasimama juu ya neno la mtu. Mngeweza, ninyi? Mimi mchungaji wenu nisingejiamini.

Mwaka jana, kule Iringa, hesabu za klabu zote mbili zilikuwa sawa, na kombe likabaki mikononi mwa hao wazee wawili. Fundi akapiga mpira mrefu, ukaenda kuanguka pembeni kabisa kwa mwenzake. "Nje," akasema Bwana Mifugo. Mchezo ukaishia hapo. Fundi akampa mkono, akatabasamu, akala pilau ya watu akashiba. Lakini moyoni alikuwa anasema: ule mpira ulikuwa ndani. Huyu mtu ameniibia.

Hakumwambia mwenyewe. Aliwaambia wengine wote. Alimwambia kinyozi, aliwaambia watu msibani, aliwaambia wanakwaya wakisubiri mvua ikatike. Na kila alipousimulia, ule mpira ulizidi kusogea. Mwanzoni uligusa mstari. Kufika Pasaka ulikuwa ndani kiganja kizima. Kufika Juni, ungeweza kuegesha bajaji kati ya mpira na mstari! Kila Krismasi Bwana Mifugo humletea chupa ya asali. Krismasi ile asali ilipofika, Fundi aliigawa kwa majirani bila hata kuionja, na hakutuma neno la shukrani. Miaka kumi na moja ya urafiki ilikuwa inakufa hivyo hivyo, polepole, na aliyekuwa anaiua alijiona ndiye aliyeonewa.

Mwezi wa saba mkewe akaamua kumpeleka hospitali kupimwa macho. Fundi akaja juu.

"Macho yangu mazima, mama Faraja! Nani kakwambia siwezi kuona?"

"Mazima, baba Faraja, sijakataa," mkewe akajibu. "Ila jana umemwamkia mdoli wa duka la nguo, ukasimama ukingoja akuitikie."

Akaenda. Akapewa miwani. Na alipotoka nje ya hospitali ile alisimama kwenye ngazi kama mtu aliyeshushwa mji mgeni. Aliona milima ya Uluguru ina miti, mti mmoja mmoja. Aliona mkewe ana alama ndogo shavuni ambayo alikuwa ameisahau. Alifurahi, ndugu zangu, alifurahi mpaka akamnunulia mkewe soda pale pale getini.

Mtu mwingine angejiuliza: kama sikuwa naona mti mlimani, je, niliuona vizuri mpira wa Iringa? Yeye hakujiuliza. Unajua alisema nini? Alisema, "Sasa nitamkamata."

"Utamkamata nani?" mkewe akauliza.

"Mwizi wangu wa Iringa. Aseme nje kwa mpira ulio ndani, mmoja tu, nitamsimamisha mbele ya klabu zote mbili niseme jina lake na kazi yake. Na undugu wetu uishie hapo."

Mkewe akasema, "Basi vaa miwani yako, uone."

Mwezi wa nane ukafika, na zamu ilikuwa ya Morogoro. Uwanja wa udongo mwekundu ulikuwa umemwagiwa maji asubuhi na kushindiliwa, mistari imechorwa upya kwa chokaa. Kwenye turubai akina mama wanageuza ndizi na nyama, watu wa Iringa wamekuja na masweta yao wanatupiwa maneno, kila mtu ana furaha yake. Fundi peke yake hacheki. Ameingia uwanjani na miwani mpya, anakodolea mistari ya mwenzake kama wakala wa chama anayelinda sanduku la kura.

Lakini kadiri walivyocheza, ndivyo alivyoanza kukosa raha. Mpira wa kwanza wa shaka, Bwana Mifugo akasema, "Ndani, pointi yako." Wa pili, Fundi mwenyewe aliona wazi umepita mstari kwa unywele, Bwana Mifugo akasema, "Sikuuona vizuri, chukua." Mwizi gani huyu? Lakini mtu akishashika shauri lake, ushahidi haumsumbui. Fundi akajiambia: ananilainisha. Anangoja ule wa maana.

Na ule wa maana ukafika. Zilibaki pointi chache, wamekabana koo. Fundi akapiga mpira mrefu wa pembeni, mzuri kuliko yote ya siku ile, na kutoka alipokuwa aliuona umegusa chokaa.

"Nje," akasema Bwana Mifugo.

"Huo ndio!" Fundi akapiga kelele. "Huo ndio wa mwaka jana! Jamani mmeona? Mmemwona mtu huyu?"

Akatupa raketi, akazunguka wavu. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuvuka wavu kwenda kukagua neno la mwenzake. Aliyekuwa anageuza ndizi akaacha mwiko ndani ya sufuria.

Bwana Mifugo hakukasirika. Alichora duara kwenye udongo kwa kitako cha raketi yake, akasema, "Karibu mzee mwenzangu. Udongo ulikuwa mbichi, alama hiyo hapo. Angalia."

Fundi akainama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama tena. Alama ya mpira ilikuwa hapa. Chokaa ilikuwa pale. Katikati yake kidole kizima kingelala kikageuka.

"Nje," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Na wa mwaka jana?"

"Wa mwaka jana ulikuwa nje zaidi ya huu."

"Mbona hukuniita niangalie?"

"Ungeangalia kwa macho gani?" Bwana Mifugo akamwinamia, akawa anasema taratibu ili wengine wasisikie. "Mzee mwenzangu, siku ile mipira yangu minne iliangukia kwako ndani kabisa, na yote ukasema nje. Ningeweza kubisha. Lakini mimi nimetibu ng'ombe miaka thelathini. Ng'ombe akianza kuinua miguu juu juu kwenye njia iliyonyooka, najua haoni anapokanyaga. Nilikuona ukipanda ngazi za klabu yetu hivyo hivyo. Nikasema, huyu hadanganyi, huyu haoni. Nikanyamaza."

"Si ungeniambia!"

"Mbele ya wajukuu zako? Ungenielewa?" Akamgusa bega. "Hebu niambie, nani alikupeleka hospitali?"

"Mke wangu."

"Na nani alimpigia simu shemeji, mara tatu, kumwomba akupeleke?"

Fundi akageuka kutazama kwenye turubai. Mkewe alikuwa wima, anaangalia, na kwa miwani ile alimwona vizuri sana, mpaka machozi yaliyokuwa yanamlengalenga. Miwani aliyoivaa kuja kumkamatia mwizi, mwizi mwenyewe ndiye aliyemwombea.

Aliona haya, ndugu zangu. Aliona haya mpaka masikio. Kisha akafanya jambo moja ninalompendea: aligeukia watu wote, akasema kwa sauti ile ile aliyopigia kelele, "Jamani, ulikuwa nje! Na wa mwaka jana ulikuwa nje! Na huyu siyo mwizi, mwizi alikuwa mimi!" Akarudi upande wake wakamalizia mchezo. Alishindwa, tena vibaya, maana alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Kombe likapanda basi kurudi Iringa, na watu wa Morogoro wakaimbiwa kasoro zao zote mpaka basi lilipokata kona.

Sasa nije kwenu. Nije kwetu, maana nami nimo.

Sisi tuna mpira wetu wa mwaka jana, si ndiyo? Kila mmoja anao. Neno tulilojibiwa vibaya, siku tuliyosahauliwa kwenye kikao cha harusi, shemeji aliyepita bila kusalimia. Tunaukumbuka tarehe na saa. Tumeusimulia mpaka bajaji inaweza kuegeshwa pembeni yake. Lakini nani kati yetu anaweza kunitajia ile minne? Ile minne ambayo sisi ndio tuliokosea, na mwenzetu akaona, akameza mate, akasema chukua? Hatuijui. Hatutaijua kamwe, kwa sababu aliyetusamehe hakupiga kelele.

Na tunaomba, tena kwa machozi, Bwana tufumbue macho! Anatufumbua. Tukishafumbuliwa tu, tunakimbilia kukagua mstari wa jirani. Macho yale tumepewa na nani? Nani alituombea tukiwa bado tunaamkia midoli? Huenda ni yule yule tuliyemchukia. Mke wako anajua. Mungu anajua. Wewe tu ndiye hujaambiwa.

Kila Jumapili nawakataza simu humu ndani, na mzee wa kanisa anawakazia macho zikilia. Leo natengua amri hiyo. Washeni. Yupo mtu ambaye jina lake limekupita kichwani mara tatu tangu nianze kusema, na siyo mimi niliyelitaja. Kwaya isiimbe kwanza. Mpigie, mimi nasubiri hapa.